Nilimfukuza mlangoni, wiki tatu baadaye akapotea hosteli

Salaam,

Mi ni msomaji wako wa kimya kimya miaka mingi sijawahi kuandika, na hata hii nimeiandika nikafuta nikaandika tena sijui mara ngapi. Kwetu Mombasa, lakini naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa 11. Nina mume na watoto wawili, nafanya kazi ya kuhudumia wazee usiku.

Mtoto wa dada yangu mkubwa alikuja huku kusoma akiwa na miaka 18. Alipata skolashipu nusu, nusu ilochangwa na ukoo mzima, kuna mpaka watu walouza vitu, na siku ya kuondoka airpoti babu alinipigia simu akanambia "tumekukabidhi". Hilo neno nalisikia mpaka leo. Chuo chenyewe kiko kama dakika 50 kwa gari kutoka kwangu, alikuwa akiishi hosteli ya ndani ya chuo, weekendi moja moja anakuja kwangu anafua nguo anakula biriani anarudi na vibakuli.

Mwezi wa 11 mwaka juzi ilikuwa likizo ya Thanksgiving, sikukuu ya huku inayoangukia Alhamisi, wanafunzi wengi huenda makwao. Rumeti wake aliondoka Jumatano akamwacha kitandani na simu. Aliporudi Jumapili usiku hakumkuta, akadhani yuko kwangu. Mimi nilidhani yuko na rafiki zake. Chuo walidhani ni likizo tu. Jumanne mwalimu mmoja ndo akauliza, ndo polisi wa chuo wakanipigia mimi. Alikuwa na miaka 20.

Niliingia kile chumba na yule afisa. Buti za baridi ziko chini ya kitanda, na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Paspoti iko kwenye droo. Chaja imechomekwa ukutani, simu haipo. Kikoi cha babake kimetundikwa kwenye kiti, na mezani kuna chupa ya achari ya embe niliyompa mimi, kifuniko kiko pembeni, kijiko kimo ndani kimekauka. Hiyo chupa ndo ninayoiota. Baadae chuo walinipa vitu vyake kwenye boksi, nilifunga kila kitu vile vile, mpaka mswaki, hata hicho kijiko, liko kwenye kabati langu sijaligusa.

Mwezi wa 17 sasa. Simu ilizimika Alhamisi ile ile ya sikukuu, benki hakuna kilichotolewa. Kesi iko kwa mpelelezi wa kaunti, mtu mpole, ila kila nikimpigia ni "bado, mama".

Sasa hapa ndo nilipokwama. Wiki tatu kabla hajapotea alikuja kwangu siku ya kazi, bila kupiga simu. Nilikuwa nimetoka shifti sijalala. Akanambia amefeli masomo mawili, skolashipu inakatwa semista inayokuja, anahitaji dola 900, na kama sina basi kuna jamaa yuko Louisville kule Kentucky ana kazi za ghala analipa keshi hawaulizi makaratasi. Nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nikamwambia watu wameuza mbuzi na dhahabu kwa ajili yako we unaniletea upuuzi, ondoka, usikanyage hapa mpaka akili zirudi. Na mamako nisikie umemwambia, utamuua na presha. Akasema "haya ma'mdogo, samahani". Akachukua begi lake akatoka, hata nguo hakufua. Na Thanksgiving sikumuita.

Haya mazungumzo sijamwambia mtu. Polisi waliponiuliza kama alikuwa na shida yoyote nilisema hapana, mtoto mzuri. Niliogopa, manake yuko hapa kwa visa ya mwanafunzi na nilijua kufanya kazi kama ile ni kosa, nikasema nikitaja Kentucky akipatikana watamrudisha kwao, na mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri uraia. Siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu zaidi kusema jana nilidanganya.

Kule nyumbani sasa kumegawanyika. Babu anataka isomwe sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na khitma watu wapumzike. Dada hataki hata kusikia, anasema mwanangu yuko hai, na kila Ijumaa ananitumia voisi ananiuliza hivi hakukwambia kitu? Hata kitu kidogo? Nasikiliza kwenye gari naizima. Kuna mganga anamla pesa pia, amemwambia kijana yuko karibu na maji.

Juzi nikasoma kesi ya Ron Tammen, yule mwanafunzi alopotea bwenini hapa hapa Ohio mwaka 1953 hajaonekana mpaka leo, nikakesha. Yaani miaka 70 na kitu. Nisaidie, nimwambie dada? Au nikae nalo hili mpaka kaburini, maana kusema sa hizi kutamrudisha mtoto?

Ma'mdogo, Columbus

*

Wa alaykum salaam ma'mdogo. Nitakuita hivyo hivyo kama alivyokuita yeye.

Nianze kwa lile ulouliza mwisho. Hujui kama kutamrudisha, na mimi sijui. Ila unachokiita mazungumzo ya aibu, mpelelezi angekiita fununu. Jina la mji, aina ya kazi, mtu anayelipa keshi, kiasi cha pesa, na sababu ya kijana kuondoka chumbani kwa hiari yake. Miezi 17 huyo bwana mpole anatafuta Ohio kijana mzuri asiye na shida yoyote, na Louisville ni mwendo wa masaa matatu na kitu tu kutoka hapo ulipo. Anatafuta mtu ambaye hayupo, manake yule aloelezewa si yule alopotea.

We mwenyewe umemtaja Tammen kwa hiyo tukae naye kidogo, sababu nadhani umemsoma ukatoka na hofu ukaacha kile kilichokuhusu. Kijana wa miaka 19, mwaka wa pili Miami University pale Oxford, Ohio (ndio, Miami ya Ohio, si ya Florida), alikuwa akipiga besi kwenye bendi ya chuo na alikuwa pia mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye bweni la Fisher Hall. Jumapili jioni, Aprili 19, 1953, akaenda kuomba mashuka mengine kwa sababu kuna mtu alimwekea samaki mfu kitandani, mizaha ya bwenini. Baada ya hapo hakuna mwenye hakika alikwenda wapi. Taa ilikuwa inawaka, kitabu kimefunguliwa mezani, gari lake limepaki nje na besi yake imo ndani, pochi na funguo kaviacha. Rumeti wake alirudi usiku akadhani kaenda kulala kwenye nyumba ya chama chao cha wanafunzi. Unaona? Alidhani. Kama nyinyi nyote mlivyodhani, na siwalaumu, mtu mzima wa miaka 20 haitwi jina kila asubuhi.

Lakini kilichonikaa mimi kwenye ile kesi si samaki wala taa. Miaka 20 ilipita, 1973, ndo ikajulikana kwamba huyu kijana miezi mitano kabla ya kupotea, Novemba 1952, alikwenda mji mwingine kwa daktari akapima grupu la damu. Jambo dogo. Lakini mbona aende mji mwingine, na chuoni kulikuwa na matibabu? Alikuwa anajiandaa na nini? Labda lilikuwa na maana labda halina, na huo ndo uchungu wake, manake lilipofika mikononi mwa watu wanaouliza maswali mwenye jibu keshapotea miaka 20, na lile bweni likavunjwa 1978. Kipande cha habari hakiozi kama nyama, ila watu wanaoweza kukitumia wanastaafu, wanahama, wanakufa. Yule jamaa wa ghala Louisville leo labda bado ana namba ile ile ya simu. Mwaka kesho sijui.

Na usidhani zote huishia kama ya Tammen. Kuna Kristin Smart, naye miaka 19, alikuwa akitembea kurudi bwenini kwake pale Cal Poly, San Luis Obispo, California, usiku wa Mei 25, 1996. Weekendi ya sikukuu, kama yenu. Polisi wa chuo walichelewa wakidhani kaenda kutembea. Watu walokuwa na vipande vidogo vidogo walikaa navyo miaka zaidi ya 20, wengine walidhani havina thamani, ikaja podikasti moja ikawafungua midomo, na mwaka 2022 mwanafunzi mwenzake aliyemsindikiza usiku ule akapatikana na hatia ya kumuua, 2023 akafungwa miaka 25 mpaka maisha. Mwili haujapatikana hadi leo. Sikutolei mfano huu kukwambia mwanenu kauawa, la hasha, nakutolea uone kwamba kusema baada ya muda mrefu bado ni kusema.

Sasa kazi. Kwanza mpelelezi, dada baadae, na kuna sababu nitaifikia.

Kabla ya mpelelezi, tafuta mwanasheria wa uhamiaji, lipa ile saa moja, au ulizia ofisi za msaada wa kisheria zinazohudumia wageni hapo Columbus. Sikuambii hivi kukutia hofu. Ulitoa maelezo kwa polisi ambayo hayakuwa kamili na una mambo ya uraia, au ulikuwa nayo, hujasema kama umeshaupata. Ingia na mtu anayejua, aandike nawe maelezo mapya, tarehe ile, saa, alivaa nini, alisema maneno gani hasa, alitaja jina au alisema jamaa tu, alikuja na basi au aliletwa na gari la mtu. Hilo la gari lifikirie sana. Dakika 50 bila gari lake mwenyewe, siku ya kazi, nani alimleta? Na simu yako ya wakati ule kama ulibadilisha usiigawe wala usiifute, meseji za zamani zitafutwe humo humo.

Hiyo habari ya visa ilokuziba mdomo, hebu iangalie leo kwa macho ya leo. Mwanafunzi wa visa ile akiacha kuhudhuria, chuo chenyewe kinatakiwa kuripoti serikalini. Kwa hiyo kile ulichokuwa unamkinga nacho kina uwezekano mkubwa kilishamfika zamani kwenye kompyuta, bila wewe kusema neno. Ulinyamaza kumkinga na jambo ambalo kunyamaza hakukulizuia.

Halafu kuna mambo ambayo mpelelezi mpole anaweza kuwa hajayafanya na we una haki ya kuuliza. Visa ile aliiombea ubalozi wa Marekani Nairobi, na pale huchukua vidole vyote 10. Alama zake ziko kwa serikali hiyo hiyo. Muulize, zimelinganishwa na watu wasojulikana walioko hospitali, jela, mochwari, na za Kentucky je? Muulize pia kama jina lake limo kwenye NamUs, ile daftari ya Wizara ya Sheria ya watu waliopotea na maiti zisizo na majina, ni bure. Kuna pia sheria ya mwaka 2008 ambayo imekuja baada ya familia nyingi kulia: kila mwanafunzi anayeishi nyumba za chuo lazima apewe nafasi ya kuandika jina la mtu wa siri wa kuitwa akipotea, na chuo kikishajua hayupo kina masaa 24 kumtafuta huyo mtu na kuwaambia polisi wa eneo. Jina hilo halioneshwi kila mtu lakini polisi wanaweza kuliona. Aliandika nani? Kama ni wewe, sawa. Kama ni mtu usiyemjua, hapo pana mlango. Na kwa sababu alikuwa chini ya miaka 21, polisi hawakuwa na ruhusa ya kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa na kuingiza jina lake kwenye mtandao wa polisi wa nchi nzima, hiyo ni sheria ya 2003 iloitwa kwa jina la Suzanne Lyall, binti wa miaka 19 alieshuka basi kampasini Albany, New York, Machi 1998 asifike bwenini. Wazazi wake ndo walosukuma. Hajapatikana naye. Omba tarehe na saa ambayo jina la kijana wenu liliingizwa.

Kuhusu damu. Mwaka 2008 walifukua maiti Georgia iliyokuwa imezikwa bila jina tangu 1953 wakidhani ni Tammen, wakalinganisha na DNA ya dada yake, haikuwa yeye. Bila yule dada kutoa mate yake wangekuwa bado wanabishana mpaka kesho. Na wewe, we ni tumbo moja na mamake. Kuna aina ya DNA inayopita kwa mama tu, mama kwa mtoto, kwa hiyo ile alonayo kijana ndo alonayo dada yako ndo ulonayo wewe. Huhitaji kumleta dada kutoka Mombasa. Kipamba kimoja shavuni hapo hapo Ohio, kupitia kwa mpelelezi, dakika mbili. Miezi 17 hakuna alokuomba? Basi jitolee.

Sasa dada.

Usimwambie kwa voisi. Usimwambie Ijumaa, ile ni siku yake ya kukuuliza na ataifanya siku ya kukuchukia. Mtafute mtu mmoja anayempenda, jirani, wifi, rafiki yake wa zamani, awe nyumbani kwake wakati unapiga bila kujua ni kwa nini. Piga ukiwa umelala vizuri, si baada ya shifti, saa mbili asubuhi yako ni alasiri yao. Na umwambie baada ya kutoka kwa mpelelezi, hii ndo ile sababu nilosema, manake swali lake la kwanza litakuwa "umewaambia?" na inabidi jibu liwe ndio. Ukimpa habari mkono mtupu atabaki na hasira peke yake. Ukimpa na jina la mji na ahadi ya polisi kulifanyia kazi, atakuwa na kitu cha kushika.

Mwambie maneno yote. Hata yale ya mbuzi na dhahabu. Usiyapake sukari, akija kuyasikia kutoka kwingine kesho utampoteza na yeye pia. Na huenda asiongee nawe mwezi, huenda mwaka. Nisingependa kukudanganya kwamba atakukumbatia kwenye simu. Ila we ndie mtu aliyesikia mwanawe akisema samahani, na anachotaka kila Ijumaa ni hicho hicho, kitu chochote, hata kidogo.

Unataka niseme si kosa lako, nimeiona hiyo kati ya mistari. Ulikosea kumfukuza mtoto amechoka mlangoni, na ulikosea zaidi kumziba mdomo asimwambie mamake. Kumpoteza hukumpoteza wewe. Mama ngapi na ma'mdogo ngapi wamesema toka mbele ya macho yangu, na jioni mtoto akarudi akala. Ulisema kama wanavyosema, yako ndo haikupata jioni.

La babu na khitma, mimi si sheikh. Ninalojua ni kwamba kumwombea dua aliye mbali hakuhitaji awe amekufa, kwa hiyo wasome dua na dada akiwemo, na sala ya ghaibu waende wakamuulize Kadhi kwanza, hukumu ya mtu asiyejulikana aliko ina mlango wake kwenye fiqhi wala si jambo la kuamuliwa barazani kwa kura. Sheria ya Kenya yenyewe inataka ipite miaka 7 bila habari ndo mtu ahesabike kafa. Miezi 17 hakuna anayewafukuza. Mganga mwache kwanza, ukianza naye dada atadhani unataka kubadilisha mada, na ukweli wa Louisville ukishafika nadhani pesa yake itajua yenyewe pa kwenda. Karibu na maji, ati. Mombasa nzima iko karibu na maji.

Lile boksi kabatini usilifungue tena, usilisafishe, usimruhusu mtu akupangie kabati. Mswaki ule na kile kijiko cha achari ni vitu vilivyoingia mdomoni mwake. Mwambie mpelelezi unavyo, muulize avichukue vipi, na kama atakwambia ulete mwenyewe basi vaa glavu uvitie kwenye bahasha ya karatasi, kila kimoja na yake, plastiki hufuga unyevu. Chupa usiioshe. Ipeleke nayo kama ilivyo.